MSANII KATAPIKA DAMU, MTAANI WAKASEMA SUMU! ALTRASAUNDI IKAJA NA MAJIBU TOFAUTI

Kuna msanii mmoja wa singeli, jina kapuni, alitapika damu nyuma ya jukwaa hapa Dar. Sio matone, damu ya beseni. Hajafika hata hospitali, mitandaoni hukumu ilishatoka: kawekewa sumu na yule mshkaji wake wa zamani waliyegombania hela za shoo. Mshkaji akaoga matusi, mpaka mama yake hakusalimika.

Hospitali wakamwongezea damu. Alipotulia kidogo, akapelekwa altrasaundi.

Iko hivi. Damu inayotoka tumboni na kwenye utumbo inapita kwenye mshipa mmoja mkubwa unaoingia kwenye ini. Kwa kawaida upana wake hauzidi milimita 13 hivi. Wa dogo ulikuwa 16. Bandama nayo imevimba. Mtaalamu akawasha Doppler, zile rangi nyekundu na bluu zinazoonyesha damu inaelekea wapi, ikaonekana mishipa mingine imejikunjakunja karibu na tumbo, inapitisha damu kibao.

Ni kama Barabara ya Mandela ikiziba, magari yanajitafutia vichochoro. Ini likijaa makovu, damu inakwama, inachepukia kwenye mishipa midogo ya tumbo na njia ya chakula. Mishipa hiyo haiwezi mzigo ule. Inavimba, na siku ikipasuka ndio unatapika damu.

"Unakunywa pombe?" mtaalamu akamuuliza.

"Hapana dokta, hata bia sijui."

"Umekulia wapi?"

"Kisiwani, Ziwa Victoria. Mzee wangu mvuvi."

Hapo picha ikakamilika. Ule weupe uliozunguka matawi ya mshipa ndani ya ini ulikuwa ni makovu ya kichocho. Vimelea vyake vinaingia kupitia ngozi ukiwa majini, wanakuwa minyoo, na mayai yao yanakwama kwenye ini. Makovu yanajengeka taratibu, miaka na miaka. Yaani hiyo "sumu" aliipata akiogelea utotoni, hata mshkaji hamjui!

Akapitishiwa kamera mdomoni, mishipa iliyovimba ikafungwa kwa vipira. Akapewa dawa ya kuua minyoo, na vidonge vya kupunguza msukumo wa damu. Kliniki ni lazima aendelee nayo, maana minyoo inakufa lakini makovu hayaondoki kirahisi.

Sasa karudi mjini, kaposti "Mungu ni mwema", watu wamemiminika kumpa pole. Kuhusu mshkaji, kimya. Jamaa bado anaitwa muuaji na shoo hapati, wakati majibu ya altrasaundi mwenzake anayo kwenye simu. Kuandika "kaka, hukuniwekea kitu" ni dakika moja tu.

Na wewe uliyekulia ziwani, nenda kapime kichocho mapema, usisubiri beseni.

Wadau, dogo amsafishe mshkaji hadharani au wayamalize kimya kimya? Funguka hapo chini.