Mtu wa Dakika za Mwisho

Sisi ni watu wa soka, najua. Nikitaja besiboli washkaji wananiuliza kama nimeanza kuugua Umarekani. Lakini vumilieni kidogo, kuna jamaa nimekuwa nikimuwaza wiki nzima.

Anaitwa Mariano Rivera. Alizaliwa Panama mwaka 1969, akakulia Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi, na kabla ya kwenda Marekani alifanya kazi kwenye mashua ya uvuvi. Kuanzia 1995 hadi 2013 alikuwa mrushaji wa New York Yankees. Kazi yake? Kukaa nje karibu mechi nzima, kisha kuingia mwishoni timu ikiongoza kwa pointi chache, arushe mipira michache, alinde ushindi. Basi. Mnamkumbuka Tim Krul, kipa ambaye Uholanzi ilimwingiza kwa ajili ya penalti tu dhidi ya Costa Rica mwaka 2014? Rivera alifanya kazi ya namna hiyo msimu baada ya msimu.

Silaha yake kubwa ilikuwa moja: mpira wa kasi unaopinda ghafla ukikaribia gongo (la mti jamani, si lile la kunywa). Wapigaji walijua unakuja, na bado uliwashinda. Aliokoa mechi 652, rekodi ambayo haijavunjwa.

Tatizo la kazi hii ni kwamba ukifanya vizuri, sifa wanapata waliofunga. Ukiharibu, umeharibu wewe. Novemba 2001, mechi ya saba ya fainali kule Arizona, Yankees wakiongoza 2-1, Rivera ndiye aliyekuwa akilinda. Arizona wakapata mbili, ubingwa ukaenda. Oktoba 2004 Boston nao wakapindua matokeo aliyokuwa akiyalinda, wakaishia kuwa mabingwa. Yankees waliporudi Boston Aprili 2005, mashabiki wa pale wakamshangilia kwa kejeli. Unajua alifanya nini? Alicheka, akawapungia kofia. Kisha akaendelea na kazi.

Nayasema haya kwa sababu ya rafiki yangu tuliyeanza naye uandishi wa habari. Alikuwa mzuri kuliko mimi. Kosa moja la ukurasa wa mbele, siku moja, watu wakalifanya utani kwa miezi, naye akaweka kalamu chini. Siku hizi anauza vipuri vya magari. Si kazi mbaya hata kidogo, ila kila nikisoma habari iliyoandikwa hovyo namkumbuka.

Mwaka 2019 Rivera aliingia kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli kwa kura 425 kati ya 425. Hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kupata kura zote. Na waliopiga kura hizo ni waandishi wa habari, watu wa fani yetu. Zile siku mbili mbaya walizijua vizuri sana, maana ndio waliozitangaza.

Ndugu yangu, najua huwa unapita hapa kimyakimya. Nafasi yako bado ipo.