Giniling, viazi vigumu na sahani ya Mama

Wasomaji wangu, samahani kwa kimya. Najua niliahidi kumalizia somo la hifadhidata, na litakuja. Leo niruhusuni niandike kuhusu nyama ya kusaga. Usiondoke bado! Kuna hitilafu humu ndani, tena mbili, na ile ya pili nusura inipite kabisa.

Chanzo ni Mfilipino mmoja. Tulikuwa naye kwenye kazi ya mkataba, mimi nikiwa hapa Kisii mjini, yeye Manila. Kazi yake ilikuwa kujaribu programu zetu na kutuonyesha palipoharibika. Ufilipino iko mbele yetu kwa saa tano, kwa hiyo tulipoanza mkutano saa nane mchana, kwake ilikuwa saa moja jioni na yuko jikoni. Kila mara nilisikia kitunguu kikikaangwa nyuma ya sauti yake. Siku moja nikamuuliza anapika nini. Akasema giniling.

Neno hilo ni la Kitagalogi na maana yake ni kitu kilichosagwa, basi. Sisi tunasema nyama ya kusaga, watu wa pwani wanasema kima. Wahispania waliitawala Ufilipino kuanzia 1565 hadi 1898, na chakula hiki ni ndugu wa kile ambacho Wahispania na watu wa Amerika ya Kilatini hukiita picadillo. Unakaanga kitunguu saumu, kitunguu maji na nyanya, unatia nyama, kisha mchuzi wa soya, kisha viazi na karoti zilizokatwa vipande vidogo vidogo. Wengine huongeza minji, zabibu kavu au yai la kuchemsha. Huliwa kwa wali.

Nilipomsikiliza nilimfikiria Mama. (Msomaji wa mbali, nikumbushe: kwa Ekegusii mama mzazi tunamwita "baba", na baba mzazi ni "tata". Hapa nitasema Mama ili tusipotezane.) Mama anaishi karibu na Keroka, ule mji uliokaa mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Kwetu ni upande wa Nyamira. Meno yake mengi ya nyuma yaling'olewa, na yale ya bandia aliyotengenezewa yanamuumiza, kwa hiyo yanakaa kwenye kikombe kabatini. Tukikutana Jumapili, anatugawia nyama sisi sote, halafu anachukua sahani yake ya ugali na mchuzi anaenda jikoni "kuangalia moto". Mimi kwa miaka miwili niliamini anaangalia moto. Ni dada yangu aliyeniambia kwamba hataki wajukuu wamwone akishindwa kutafuna.

Basi nikaanza majaribio chumbani kwangu, juu ya meko. Nilinunua nusu kilo kwenye bucha karibu na soko la Daraja Mbili, nikaomba isagwe mara mbili. Nikafuata maelezo hatua kwa hatua. Nusu saa baadaye nyama ilikuwa imeiva kabisa, lakini viazi vilikuwa vigumu kama changarawe. Nikaongeza maji. Bado. Mara ya pili nilingoja zaidi, chini kukaungua. Nikamwandikia Mfilipino wangu. Akajibu kwamba kwake vinaiva. Kila aliyewahi kuandika programu analijua jibu hilo na anajua linavyoudhi.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mlima. Kisii iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 kama kule Manila ufukweni. Maji yasiyo moto sana hupika polepole. Nilifurahia sana nadharia hiyo hadi nilipokumbuka kwamba huku kwetu watu huchemsha viazi kila siku na vinaiva. Mlima unaongeza dakika chache tu.

Nikafanya kile ningepaswa kufanya mwanzoni: kubadilisha kitu kimoja tu. Kiazi kimoja, vipande vya ukubwa sawa, sufuria mbili. Moja maji matupu, nyingine maji na nyanya nyingi. Baada ya robo saa vya maji matupu vilikuwa laini. Vya nyanya vilikuwa bado vinagonga kijiko! Sababu ni asidi ya nyanya. Kuta za chembechembe za kiazi zimeshikwa na kitu kama gundi kiitwacho pektini, na asidi huizuia gundi hiyo kuyeyuka. Na nani aliyejaza nyanya? Mimi. Sikuwa na mchuzi wa soya, nikaweka nyanya maradufu mahali pake. Maelezo ya watu hayakuwa na kosa lolote.

Dawa yake ni rahisi. Kaanga saumu na kitunguu, tia nyama mpaka ibadilike rangi, tia viazi, karoti, chumvi na maji kidogo, funika. Viazi vikishalainika ndipo utie nyanya, ambazo umezikaanga kando mpaka zikawa rojo. Mchuzi wa soya ukiupata, punguza chumvi.

Jumapili iliyofuata nikapika kwa Mama, kwa moto wa kuni. Mwanamume aliyetahiriwa kusimama mafigani kwa mama yake si jambo la kawaida kwetu, na mjomba wangu aliuliza kama kazi ya kompyuta imeisha. Mama alionja jikoni, akacheka, akauliza nani ameitafuna hii nyama kabla yake. Kisha tulipoketi, akachukua sahani yake akaondoka kuangalia moto.

Nilikasirika kimoyomoyo. Wiki tatu za kazi! Nilikuwa nakaribia Kisii kwenye matatu nilipoiona hitilafu ya pili. Wengine wote nilikuwa nimewapa nyama ya kawaida, ya vipande. Giniling niliipika ya mtu mmoja, nikamwekea kwenye kisufuria chake kama dawa ya mgonjwa. Mbele ya wajukuu, sahani yake ndiyo iliyokuwa tofauti. Mimi nilitatua tatizo la meno, na hilo si ndilo lililokuwa likimpeleka jikoni.

Jumapili ya pili nilinunua kilo mbili, zote zikasagwa. Sufuria moja, watu kumi na mmoja, wali na ugali wa wimbi. Mjomba alilalamika kwamba hakuna mfupa wa kuguguna, lakini akaongeza mara mbili. Mama alikaa kwenye kiti chake mpaka chai ilipoletwa. Alisema chumvi ilizidi. Moto jikoni ulizimika na hakuna aliyekwenda kuuangalia.

Somo la hifadhidata ni wiki ijayo, naahidi.