Mikumi, Wigi na Umeme wa Kichwani

Kama unaishi Dar kama mimi, nywele zako zimeshazoea jasho na unyevu wa bahari. Sasa zipeleke Kilosa mwezi wa saba uone.

Tulipanda treni ya SGR asubuhi, mimi na mzee wangu. Ilikuwa wikiendi yetu ya kwanza wawili tu tangu nijifungue Desemba. Mtoto tulimwacha kwa bibi yake. Nilivaa sweta la poliesta na wigi jipya, refu, la nyuzi za plastiki. Kiyoyozi kinapuliza, wigi linasuguana na kiti, linasuguana na sweta. Tunashuka Kilosa, mzee ananitazama na kuangua kicheko.

"Mama, treni ya umeme imekuachia umeme kichwani!"

Kweli bwana. Nyuzi zimesimama kama zimeona simba, nyingine zimening'ang'ania mashavuni. Nikatoa kitana cha plastiki. Ta-ta-ta! Ndiyo kwanza nikaharibu.

Huo ndio umeme tuli. Vitu viwili vikisuguana, chaji inahama kutoka kimoja kwenda kingine, na nyuzi zenye chaji ya aina moja zinakimbiana. Hewa yenye unyevu huiondoa chaji hiyo, ndiyo maana Dar vituko hivi ni vichache. Kiangazi cha bara kikikausha hewa, inabaki palepale. Na wigi la plastiki halinyonyi maji, afadhali nywele zako mwenyewe.

Hadi Mikumi nilikuwa nimenuna. Hifadhi hiyo, ya tangu mwaka 1964, ina kilomita za mraba 3,230, na uwanda wa Mkata wakati wa kiangazi ni raha tupu: twiga, pundamilia, tembo na watoto wao. Ila kuna vumbi, na kitu chenye chaji kinavuta vumbi. Kufika mchana wigi jeusi lilikuwa na rangi ya barabara.

"Si ulivue tu?"

"Wewe baba, angalia tembo."

Asichojua ni kwamba tangu Machi nywele zangu za mbele zilikuwa zinatoka kwa viganja. Ni kawaida baada ya kujifungua, na kwa wengi huota tena baada ya miezi kadhaa. Nilijua hivyo. Lakini mchana wigi, usiku kilemba, miezi minne.

Jioni dada wa gesti aliponiona akacheka, akaniletea chanuo la mti na mafuta ya nazi. Wigi nililipulizia maji yenye matone machache ya dawa ya kulainishia nguo, nikalichana taratibu kwa chanuo. Likatulia. Mafuta ya nazi usiyaguse kwenye wigi, yatalifanya linate. Hayo ni ya nywele zako, kidogo tu viganjani, zikiwa bado na umajimaji. Poliesta iache nyumbani, vaa pamba.

Nikabaki bafuni na chanuo mkononi. Halafu nikatoka bila kilemba.

Mzee alinyamaza kidogo. "Tangu lini?"

"Machi."

"Na mimi nacheka stesheni." Akachukua chupa ya mafuta, akajimiminia mengi mno, yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. "Haya, naanzia wapi?"

Asubuhi tulirudi hifadhini nimejifunga kanga, wigi liko kwenye begi. Shati lake lilinukia nazi hadi tunarudi Dar.