Siku Tatu Kadutu: Tulivyofungua Motere ya Motokari Yetu

Wengi wenu mmeuliza kwa nini motokari ya kikundi haishuki tena Luvungi kuchukua mchele. Motere ilikwama. Wiki iliyopita watatu kati yetu tulikaa siku tatu garajini, upande wa Kadutu, kuangalia namna inavyofunguliwa, na hii ndiyo habari yake.

Kwanza njia. Kutoka Bukavu kwenda Kamanyola ziko njia mbili: ile ya lami inayovuka mpaka na kupita Rwanda mpaka Bugarama, na ile yetu ya Nyangezi na Ngomo. Ngomo ni udongo na mawe, mlima upande huu, shimo upande ule, na makamioni yakipishana hata mama mwenye maneno mengi ananyamaza. Kushuka si kitu, kazi ni kurudi. Uwanda wa Ruzizi uko chini kwenye joto, na Bukavu iko karibu metre 1500 juu ya bahari. Hiace ya mazuti yenye magunia na watu inapanda polepole, motere ikilia muda wote. Ni pale juu tulisikia kitu kinagonga, ko-ko-ko, kisha kimya. Vijana walijaribu kuisukuma ili iwake, lakini magurudumu yalikokota tu.

Garaji hiyo si nyumba. Ni uwanja wenye mabati juu ya miti minne, udongo mweusi kwa mafuta ya miaka mingi, na motere za zamani zimepangwa pembeni kama mafiga. Jirani kuna mama anayeuza bugali na maharagi (anapika vizuri, tulikula kwake siku zote tatu). Mtu wa kwanza kutukaribia hakuwa fundi, alikuwa komisionere. “Mama, hiyo imekufa. Niko na ingine ya kutoka Dubai, leo leo inaingia.” Bei yake ingemeza akiba yote ya kikundi, ile tunayogawana mwisho wa mwezi wa 8 ili watoto waingie masomo Septemba.

Fundi wetu, mzee wa maneno machache, alituambia twende tuione hiyo ya Dubai. Aliweka ufunguo mrefu kwenye bulo ya mbele na kuvuta. Haikuzunguka hata kidogo. “Imelala tu, itaamka,” akasema komisionere. Tukarudi kwenye yetu.

Mzee hakuanza na nyundo. Aliweka beseni chini na kumwaga mafuta ya motere. Yalitoka kidogo sana, hata litre mbili hayakufika. Kama maji yangekuwa yameingia, alituambia, mafuta yangefanana na chai ya maziwa. Hayakufanana. Lakini alichovya kidole akakiinua kwenye jua, na tukaona vumbi linang’aa, kama lile wasichana wanajipaka juu ya macho. Hicho ni chuma kinachojila. Kisha vijana wawili walijaribu kuzungusha motere kwa nondo ndefu, ikakataa. Wa tatu alipotaka kuwasaidia, mzee akamfukuza: mtavunja bulo, na tutakuwa na magonjwa mawili.

Siku ya pili waliondoa kulasi, kifuniko kizito cha juu. Mzee aliweka rula ya chuma juu yake aone kama joto limeipinda. Haikupinda. “Pitisha kucha, mama.” Tukapitisha kucha ndani ya matundu manne ambamo pistoni zinapanda na kushuka. Kucha ikikwama kwenye mkwaruzo, tundu limeharibika na gharama inapanda. Haikukwama popote.

Siku ya tatu alifungua chini. Kila pistoni ina mkono wa chuma, mafundi wanauita bieli, unaoshika vilebrekeni, ile nondo nene yenye kuzunguka. Kila bieli ina kofia yake, na mzee aliziwekea alama kwa mpangilio kwa sababu hazichanganywi hata siku moja. Alilegeza kofia ya kwanza, wakajaribu nondo. Hapana. Ya pili, hapana. Ya tatu ilipolegea motere ilizunguka, na kijana aliyekuwa anavuta karibu aanguke. Tulipiga vigelegele mpaka mama wa maharagi akaja kuangalia.

Kusine ya pale, yaani kibati laini kinachokaa kati ya bieli na vilebrekeni, ilikuwa imeungua na kushikamana. Chuma kilikuwa na rangi ya bluu kama sufuria iliyosahauliwa kwenye moto. Kwa hiyo vilebrekeni imepelekwa kwa fundi wa mashine ili apunguze milimetre 0.25, na kusine zote zitakuwa mpya za kipimo hicho. Mikwaruzo isipoisha, atafika 0.50. Bieli ya tatu itabadilishwa, pompi ya mafuta itafunguliwa na mifereji yote itaoshwa. Yote pamoja ni chini ya nusu ya bei ya motere ya komisionere.

Mafuta yalikwenda wapi? Chombo cha chini kinachoyashika kilikuwa na ufa wa kugongwa na jiwe, yakadondoka njia nzima. Kwenye dashibodi kuna taa nyekundu yenye picha kama ya birika, na ingepaswa kutuonya. Mzee alifuata waya wake: umekatwa zamani na kufungwa kwa gundi, na vumbi lake ni la kabla motokari haijawa yetu. Wamama wenye kupanda motokari za watu, angalieni: ufunguo ukizungushwa, kabla motere haijaunguruma, taa hiyo inawaka, kisha inazimika. Isipowaka mwanzoni, uliza.

Vilebrekeni ikirudi, mzee anaomba siku nne za kufunga. Wenye magunia Luvungi wampe mama mtunza feza hesabu yao kabla ya Jumapili, ili tujue safari ya kwanza itabeba mangapi.