Ncha ya Ndoano

Mwaka 1983 neno hujuma lilikuwa halikauki midomoni mwa watu Dar es Salaam. Edward Sokoine alikuwa amerudi kwenye uwaziri mkuu mwezi Februari, na kuanzia Machi msako wa wahujumu uchumi ukautikisa mji. Kukicha watu walikuta bidhaa zimetupwa mitaroni na wenyewe, kwa hofu ya kukutwa nazo. Kiwandani kwetu, kiwanda cha nguo kando ya Barabara ya Pugu, hujuma iliingia kwa mlango wa cherehani.

Nilikuwa binti mdogo bado. Nilikuwa nimetolewa laini ya kushona kaptula nikapelekwa meza ya ufundi kumsaidia fundi mkuu, mtu wa Tanga aliyezoea cherehani tangu enzi za mkoloni. Sote tulimwita Mzee, meneja naye akiwemo. Vijana wa karakana hawakupenda mwanamke ashike spana. Mzee aliwajibu mara moja tu: huyu amekaa kwenye mashine miaka, anaisikia ikianza kuumwa kabla yenu. Alisema kweli. Mshonaji husikia mlio umebadilika siku nyingi kabla fundi hajaitwa, ila hakuna anayemuuliza.

Oda kubwa ilikuwa ya kaptula za shule. Tangu mwaka 1977, elimu ya msingi ilipofanywa ya watoto wote, sare hazikuwahi kutosha. Vitu navyo vilikuwa vimekwisha. Fedha za kigeni hazikupatikana, na spea bila fedha za kigeni ilikuwa ndoto. Hata mafuta meupe ya cherehani yaliadimika, wengine wakaanza kutia mafuta ya nazi kwa siri. Yanateleza vizuri siku mbili tatu, kisha yanaganda, yanashikana na vumbi la nyuzi, na asubuhi gurudumu halizunguki. Nimekesha nikizisafisha mashine hizo kwa mafuta ya taa, nayo yalikuwa ya kupanga foleni.

Basi sindano nambari 16, za kushonea kaki, zikaisha. Stoo ikatoa nambari 11, za mashati. Mtunza stoo alituambia sindano ni sindano.

Hapo lazima nieleze kidogo. Sindano inashuka na uzi hadi mwisho wake, na inapoanza kupanda, karibu milimita mbili tu, uzi unalegea upande wa nyuma na kufanya kitanzi. Wakati huohuo ncha ya ndoano inayozunguka chini ya kibati inapita hapo, inakidaka kitanzi na kukizungusha kuivuka bobini, kisha mkono wa juu unavuta na kukaza. Ndoano inazunguka mara mbili kwa kila pigo la sindano. Mzunguko mmoja ni wa kazi, wa pili unapita bure. Mashine ikipiga mara 4,000 kwa dakika, ndoano imezunguka mara 8,000. Na ncha hiyo haitakiwi kuigusa sindano wala kukaa nayo mbali. Nafasi kati yao ni kama milimita 0.05, nusu ya unene wa karatasi ya daftari.

Sindano nyembamba inaikimbia ncha hiyo. Tena ikikutana na kaki iliyokunjwa, pale kwenye makutano ya miguu ya kaptula, inapinda. Mashine zikaanza kuruka mishono. Nyuzi zikakatika, sindano zikavunjika, malengo ya siku yakaanguka. Meneja akashuka na katibu wa tawi la chama, wakitaka kujua nani analegeza skrubu. Dada mmoja, ambaye mashine yake iliongoza kwa kuvunja sindano, aliitwa ofisini akakaa huko hadi saa za kutoka. Alirudi kuchukua kanga yake bila kusema neno.

Mzee alitoa sindano mbili mfukoni akaziweka kwenye kiganja cha meneja.

"Bwana Meneja, hapa hakuna mhujumu. Ndoano ziko mahali pake. Hii ni nyembamba, basi."

Hakusikilizwa. Amri ikatoka: ndoano zote zisogezwe zikaribie sindano.

Wengi wangependa nisimulie kwamba Mzee aligoma. Hakugoma, alikuwa na watoto wanaosoma. Laini mbili tulizisogeza sisi, yeye na mimi, na kwa kila mashine alinitaka kwanza nichore kwa msumari alama mbili ndogo kwenye shafti: moja ya mzunguko wa ndoano, nyingine ya mahali iliposimama kabla ya kuguswa. Laini nyingine zilifanywa usiku na mafundi wa kuletwa, hawakuchora chochote.

Kuruka kulipungua, tusidanganyane. Meneja alifurahi, na kwenye kikao cha wafanyakazi ikatangazwa kwamba hujuma imekomeshwa.

Miezi ilipita, masika yakaisha, shehena ya sindano nambari 16 ikawasili. Sindano nambari 11 ina kipenyo cha milimita 0.75, nambari 16 ina milimita 1 kamili. Gawa tofauti hiyo kwa mbili: upande wa ndoano sindano imenenepa kwa milimita 0.125, na nafasi yote tuliyokuwa nayo tangu mwanzo ni 0.05. Mzee alipanda ghorofani kuomba asubuhi moja tu ya kurudisha ndoano. Tulipewa laini zetu mbili kwa sababu tulikuwa na alama na kazi ingekwisha haraka. Zile nyingine ziliwashwa hivyohivyo.

Sindano zilikuwa zikikatika kwa mlio mkavu, tak, kila upande. Sindano si hasara kubwa. Hasara ilikuwa kwenye ndoano: ncha zilimeguka, nyingine zikapata makovu yanayochana uzi, na stoo haikuwa na ndoano hata moja. Kwenye ripoti iliandikwa uchakavu wa kawaida. Yule dada hakuambiwa hata pole.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya jiwe la kunolea. Nilijifunza kuirudishia ndoano ncha, pole kwa pole, kisha kuilainisha kwa uzi mnene uliopakwa dawa ya kung'arishia shaba hadi kidole kisisikie kitu. Nyingi zilipona. Lakini ncha iliyonolewa ni fupi kuliko ilivyozaliwa, kwa hiyo inachelewa kufika kwenye kitanzi.

Miaka ya tisini, mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, cherehani zile zilitawanyika kwa mafundi wa mjini. Mbili zimewahi kuletwa mezani kwangu na vijana waliokwisha kuziseti kwa mistari ya kiwandani iliyo kwenye mhimili wa sindano, na bado zinaruka. Huwa nafungua kibati, natazama ncha kwa tochi. Ikiwa fupi, waachane na mistari: ndoano isukumwe mbele kidogo, na gurudumu lizungushwe kwa mkono mpaka kitanzi kidakwe.