Maumivu Yasiyo na Jina

Katika msikiti wetu hapa Kyela, katibu wa kamati ndiye asomaye majina ya wagonjwa baada ya swala ya Ijumaa ili waombewe dua. Kazi hiyo tumeifanya kwa miaka kadhaa. Karatasi huletwa mapema: fulani amelazwa, fulani ameanguka na bodaboda, mtoto wa fulani ana malaria. Mwenzetu wa nyumbani, mama wa watoto wetu, alipoanza kuumwa tumbo na mgongo, tuliliandika jina lake juu kabisa. Likasomwa wiki ya kwanza, ya pili, mwezi, miezi minne. Waumini walitupa pole. Kisha wakaanza kuuliza: "Katibu, bado tu? Wamesema ni nini?" Jibu hatukuwa nalo. Ijumaa moja tukaliruka jina lake, na hakuna aliyeuliza.

Tunaandika haya kwa sababu ya Ijumaa ile.

Maumivu yalianza wakati wa palizi ya mpunga. Anayeijua Kyela anaijua kazi hiyo: mwanamke huinama tangu asubuhi, miguu ikiwa kwenye maji, na jioni hurudi na mzigo wa kuni kichwani. Kuumwa mgongo katika msimu huo hakumshangazi mtu. Lakini mavuno yalipopita na migongo ya wenzake ikapumzika, wake haukupumzika. Maumivu yalianzia chini ya kitovu, yakazunguka kiunoni, yakapanda mgongoni. Usiku mwingine yalimwamsha, na siku nyingine yalimwacha mpaka adhuhuri akadhani yamekwisha.

Zahanati ya kwanza ilisema taifodi. Ya pili ikasema UTI. Ya tatu ikasema vidonda vya tumbo. Tukiri kwamba kila jina tulilipokea kwa furaha, kwa kuwa lilikuwa jina. Dawa zikanywewa zote. Kwa kuwa tunaishi jirani na Ziwa Nyasa, alipimwa kichocho pia, hakikuonekana. Tukauza magunia ya mpunga, tukapanda basi kupitia Tukuyu mpaka Mbeya. Huko tumbo likapigwa utrasaundi, mgongo ukapigwa eksirei, na kamera ikashushwa mpaka tumboni. Vyote safi. Tukiwa ndani ya basi tukirejea tulimwambia, "Alhamdulillahi, kumbe huumwi." Aligeukia dirishani, na hakusema neno mpaka tulipoanza kuteremka kutoka Tukuyu.

Tangu siku hiyo tulianza kumchunguza. Akicheka na jirani, tulijiuliza mgonjwa gani anacheka hivi. Akilala mchana, tulitazama saa.

Msomaji asiye wa huku huenda asijue jinsi tumbo linavyozua maneno katika nchi yetu. Monica Wilson, mtafiti wa mila aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake Good Company, kilichochapwa mwaka 1951, kwamba watu wa hapa waliamini uchawi ni chatu akaaye tumboni mwa mchawi, na kwamba majirani wakimnung'unikia mtu aliyekosa, pumzi yao ya baridi humfanya augue. Wengine tumesilimu, wengi wamebatizwa, lakini swali limebaki lile lile: umemkosea nani, na nani anakuonea kijicho?

Swali hilo likaingia kwetu kwa mlango wa dini. Ruqya ni jambo la Sunna, nasi tulimsomea mgonjwa wetu Qur'an kila usiku, na bado tunamsomea. Lakini msomaji mmoja aliyekuwa akipita mjini alifanya zaidi ya kusoma. Alisema jini limesema. Akaeleza habari za mwanamke mtu mzima, wa upande wa mume, aletaye chakula. Katika ukoo wetu mtu huyo ni mmoja tu, shangazi yetu wa Ipinda, ambaye hajawahi kuja mikono mitupu. Huja na ndizi. Sisi tuliosoma chuo cha Kiislamu, tunaojua yaliyosemwa juu ya mwenye kumwendea mtabiri na swala zake za siku arobaini, tulinyamaza. Ndizi zilizofuata tukawapa mbuzi. Shangazi alikuja tena, akawaona mbuzi wakila. Baada ya hapo hakuja.

Aliyetuzindua ni mgonjwa mwenyewe. "Mimi ninayeumwa hamniamini," alisema, "mbona mmemwamini asiyeumwa?"

Neno hilo lilitukosesha usingizi, tukarudi kwenye vitabu. Kila mwanafunzi wa fiqhi amesoma hadithi ya Imran bin Huswain (r.a.), aliyeugua bawasiri, akaelekezwa na Mtume (s.a.w.) aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Hadithi hiyo tumeifundisha mara nyingi. Tulichokuwa tumekipita haraka ni habari za maisha yake: imepokewa kwamba tumbo lake liliugua kwa muda wa miaka thelathini, na kwamba Mutarrif alimwambia kinachomzuia kuja kumzuru ni ile hali anayomkuta nayo. Imran alifariki Basra mwaka 52 Hijria. Naye ni Swahaba ambaye, kama alivyopokea Muslim, malaika walikuwa wakimtolea salamu. Nani angethubutu kumwambia anadeka? Tulipofika kwa Mutarrif tulifunga kitabu, maana ile Ijumaa ya jina lililorukwa ilitujia mbele ya macho.

Tulirudi Mbeya, safari hii tukiwa na swali jingine: si "ni nini," bali "aishi nayo vipi." Daktari, mtu mzima, alituketisha wote wawili. Alimwuliza mgonjwa kama maumivu yanafuata siku zake za mwezi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza, akampeleka kwa daktari wa kina mama pia. Huko nako hakikuonekana kitu. Akasema kipimo safi hakina maana kwamba hakuna maumivu. Maana yake ni kwamba hakuna uvimbe, jiwe wala kidonda kilichoonekana. Mishipa ya fahamu ikikaa na maumivu muda mrefu huzoea kupiga kelele hata kwa jambo dogo. "Kama mtoto anayeamia ndege shambani," mwenzetu akadakia, "amezoea kupiga debe hata ndege wakiwa wameshaondoka." Daktari alicheka, akasema mfano huo ataufanya wake.

Alimpa dawa ndogo ya usiku, mazoezi ya mgongo, na mwendo wa kila siku hata kama ni mfupi. Alimkataza vidonge vya maumivu vya kununua dukani kila siku, kwa kuwa huumiza tumbo na figo. Akatutajia ya kuturudisha hospitali bila kungoja: kukonda, damu kwenye choo au mkojo, homa isiyokwisha, miguu kufa ganzi, au kushindwa kuzuia haja.

Maumivu hayajaondoka. Siku mbaya anaswali kwenye kiti, na kiti hicho kipo pia upande wa kina mama msikitini, ingawa kwenye kamati kilizua mjadala mrefu kuliko paa. Ramadhani alifunga siku alizoweza. Zilizobaki, sheikh wetu alisema azilipe atakapopata nafuu, kwa kuwa ugonjwa wake huja na kuondoka. Palizi ya mwaka huu tumeinama sisi. Wanaume wenzetu walitucheka siku tatu, ya nne mgongo wetu ukawa hauna nafasi ya kuwasikiliza.

Kwa shangazi tulikwenda wote wawili kuomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mbuzi wenu wamenenepa?" Wiki iliyofuata ndizi zikaja, nusu ya zile za zamani.

Ijumaa iliyopita tulilisoma jina lake tena, la kwanza kwenye karatasi. Tuliporudi nyumbani alitaka kujua kama tumesema tumbo au mgongo. Tukamwambia tumesema vyote viwili.