Nasaha kwa Mpwa Wangu Juu ya Pampu ya Joto

Mpwa wangu mpenzi,

Waraka wako umewasili salama, nami nimesikitika kusoma kwamba mwezi huu wa Aprili, ilhali baridi kali ya Uingereza imekwisha ondoka, bili yako ya umeme ingali nzito.

Fahamu kwanza kuwa pampu yako ya joto haichomi kitu, bali hulivuta joto lililomo katika hewa ya nje na kulitia katika maji ya redieta. Kwa hivyo, kadiri utakavyo maji yaizidi hewa ile kwa moto, ndivyo kompresa itaabikavyo na umeme uliwavyo. Hewa ikiwa digrii 10 na maji digrii 35, uniti moja ya umeme huweza kukupa uniti nne za joto au zaidi. Yapandishe hadi 55, na faida hiyo hupungua mno. Basi usidhani mtambo umeharibika ukiigusa redieta usihisi moto, kwani maji ya digrii 35 hayafikii hata joto la kiwiliwili chako, na chumba kikatosheka nayo.

La pili, mtambo ulichaguliwa kwa ajili ya usiku wa Januari, nao una kiwango cha nguvu ambacho hauwezi kushuka chini yake. Ukizifunga redieta za vyumba visivyolaliwa kwa kutaraji akiba, maji machache yaliyosalia hupata moto upesi, mtambo ukazima, kisha ukawaka tena, na katika kuwaka kwingi umeme hupotea na kompresa huchakaa. Simama uani usikilize: feni ikivuma na kunyamaza mara tano au sita kwa saa, zifungue redieta zote, kisha ile hesabu inayopanga joto la maji kwa kufuata hali ya nje uishushe digrii moja moja, ukingoja siku mbili kila mara, mpaka nyumba ianze kupoa, ndipo uirudishe kidogo. Wala usiuzime usiku ukaja kuuhimiza alfajiri, hewa ikiwa baridi kuliko saa zote. Maji ya kuogea nayo yapashe adhuhuri.

Ujira wako ni wa jasho, na israfu ni aibu hata kwa mwenye wasaa. Anza na redieta leo hii, kabla ya jambo jingine lolote, kisha uniarifu bili ya mwezi ujao.

Wabillahi tawfiq.

Mimi mjomba wako akupendaye.